Kidole Kwanza, Pampu Baadaye

Ijumaa ni siku ya soko hapa Lubao. Anayetoka mjini Kakamega kuelekea Webuye siku hiyo hupunguza mwendo apende asipende, maana soko humwagikia barabarani: mbuzi, kuku, mafungu ya miwa, bodaboda, na wale mbwa ambao wageni huja kuwapiga picha, wamefungwa kamba shingoni huku bei zao zikibishaniwa kama za ng'ombe. Mimi huja kumtazama fundi wa baiskeli.

Hana karakana. Ana mwavuli, beseni la maji, kopo la sulushoni na pampu iliyochujuka rangi. Mteja akimletea pancha, pampu haiguswi. Fundi hulegeza tairi upande mmoja, huchomoa tyubu, kisha huingiza vidole viwili ndani ya tairi na kuvizungusha taratibu, macho yakitazama kwingine kabisa, mpaka viguse kilichotoboa: mwiba, uzi wa chuma uliotoka kwenye tairi la lori, kipande cha chupa. Akishakitoa ndipo anapotafuta kiraka. Siku moja nilimwuliza kwa nini asitie tyubu nyingine haraka mteja aende zake. Akacheka. "Mwalimu, tyubu mpya juu ya mwiba wa zamani ni pancha mbili."

Mimi ni kocha wa triathloni, mchezo wa kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia mfululizo, saa ikihesabu tangu unapoingia majini hadi unapovuka mstari wa mwisho. Karibu kila kitu ninachowaambia wanafunzi wangu kuhusu siku ya mashindano kimo katika vidole vile viwili. Tatizo likitokea, mwili hutaka kufanya jambo sasa hivi: kupiga maji kwa nguvu zaidi, kupampu, kunywa, kukimbiza muda uliopotea. Jambo hilo la haraka ndilo pancha ya pili.

Mchezo wenyewe si wa zamani. Triathloni ya kwanza kuitwa kwa jina hilo ilifanyika San Diego, Marekani, Septemba 1974. Mwaka 1978 watu 15 walianza shindano refu kisiwani Oahu, Hawaii, wakamaliza 12, na Ironman ikazaliwa: kilomita 3.8 za kuogelea, 180 za baiskeli, kisha marathoni nzima. Olimpiki iliupokea mwaka 2000 mjini Sydney kwa umbali mfupi zaidi, kilomita 1.5, 40 na 10. Kwetu Afrika Mashariki, shindano ambalo wanafunzi wangu hulitaja usiku na mchana ni la Rubavu, Rwanda, kando ya Ziwa Kivu na mpakani na Goma, ambako nusu Ironman ilifanyika kwa mara ya kwanza Agosti 2022: kuogelea kilomita 1.9, baiskeli 90, mbio 21.1. Kwa mtu wa Lubao safari hiyo ina raha moja. Ziwa Kivu liko karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, mwinuko usiotofautiana sana na wetu, kwa hiyo mapafu hayahitaji kujifunza upya. Vingine vyote vinahitaji.

Chukua saa. Rwanda iko nyuma yetu kwa saa moja. Simu hujirekebisha yenyewe ikipata mtandao wa huko, lakini saa ya mkononi ya zamani haijirekebishi, na mtu akishachanganya hizo mbili usiku wa kuamkia mashindano, atalala vibaya akizihesabu. Chukua barabara. Sisi huendesha kushoto, wao kulia. Ukiwa katika kundi la baiskeli hutakosea, utafuata wenzako. Hatari iko kwenye mazoezi mepesi ya siku ya kutangulia, uko peke yako, unatoka kwenye lango la nyumba ya wageni, na miguu inakupeleka upande iliouzoea tangu utotoni. Mimi huwabandikia mshale wa karatasi kwenye usukani. Wanaona aibu siku ya kwanza, siku ya pili hakuna anayeubandua.

Na pedali. Baiskeli ikisafiri kwa basi hufunguliwa pedali, na pedali ya kushoto ina uzi wa kinyume: hukazwa kwa kuzungusha upande ambao nati nyingine zote hulegea. Nimeona mtu mzima, msomi, akiharibu uzi wa mkono wa pedali jioni ya kuamkia shindano kwa kuikaza kwa hasira upande usio wake. Mtu huyo ni mimi.

Sasa maji. Watu wa Kakamega tuna mito, Isiukhu ukipita hapa karibu, lakini hatuna ziwa, na wengi wetu tulijifunza kuogelea ukubwani katika mabwawa ya hoteli mjini. Bwawa lina ukuta kila mita 25 na mstari mweusi chini. Ziwa halina hata kimoja, na umati unaoanza pamoja hukupiga viwiko, hukukanyaga visigino, hukuvua miwani. Wanaotaka kuzoea maji wazi huenda Ziwa Victoria, Kisumu, na hapo nina masharti yangu: mahali penye wavuvi wanaopajua, kwa sababu ya kiboko na gugu maji, na baadaye kupimwa kichocho, ugonjwa unaotibika kwa vidonge iwapo utagunduliwa.

Hofu ya maji si jambo la kuchekwa. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2017 ulihesabu matukio 135 ya vifo na kusimama kwa moyo katika triathloni za nchi hiyo kati ya 1985 na 2016. Tisini yalitokea majini. Miongoni mwa maiti 61 zilizopasuliwa, 27 zilikutwa na kasoro za moyo au mishipa ya damu. Ndiyo maana mwanafunzi wangu wa zaidi ya miaka 40 hapandi basi kabla ya kumwona daktari, na ndiyo maana maumivu ya kifua, kizunguzungu au pumzi isiyorudi ndani ya maji havina mjadala: unainua mkono, unaita, unatoka.

Lakini kinachowapata wengi ni kitu kingine. Mita 100 za kwanza unaogelea kwa kasi ya kuogopa kuachwa, kichwa kinaingia kwenye maji baridi, unafyonza hewa juu ya hewa ambayo hujaitoa. Kifua kinajaa. Unahisi huna pumzi, kumbe umejaa pumzi iliyochoka. Jambo la haraka ni kuvuta hewa zaidi. Kidole ndani ya tairi ni kutoa: weka uso majini, puliza mapovu polepole hadi tumbo lijikunje, halafu geuka kichalichali. Pumzi inayofuata itaingia yenyewe. Kanuni za mchezo zinakuruhusu kushika boya au mtumbwi wa waokoaji na kupumzika, mradi usiutumie kusonga mbele. Wengi hawalijui hili, au wanalijua ila wanaona ni kuomba. Nusu dakika kwenye boya haijawahi kumharibia mtu siku yake.

Miwani nayo ina dawa rahisi: mkanda uvaliwe chini ya kofia ya kuogelea, siyo juu yake, na hapo teke la jirani litaisogeza bila kuitupa. Ikijaa maji, lala chali, mimina, rudisha. Ikipotea kabisa, ogelea hivyo hivyo. Ndiyo sababu mara moja kwa wiki nawaogelesha bila miwani, wakinung'unika.

Kwenye eneo la kubadilishia vifaa sina maneno mengi. Baiskeli zimepangwa mamia kwa mamia na zote zinafanana ukitoka majini na kisunzi. Asubuhi tembea kutoka mlango wa ziwa hadi kwenye baiskeli yako, uhesabu safu, kisha uende hadi mlango wa kutokea. Helmeti ifungwe kabla mkono haujagusa baiskeli, na isifunguliwe hadi baiskeli irudi mahali pake. Waamuzi hawana huruma hapo, wala sioni kwa nini wawe nayo.

Tukija kwenye baiskeli, ndipo fundi wangu wa Lubao anapokuwa profesa. Kwanza fahamu kinyume hiki. Katika mazoezi yako yote kati ya hapa na Malava, hujawahi kuwa mbali na fundi. Kila kituo kina mmoja, kwa kuwa baiskeli ilikuwa teksi ya magharibi mwa Kenya kabla ya pikipiki kulirithi jina la bodaboda. Siku ya mashindano fundi huyo anaweza kusimama mita tano kutoka kwako na asiruhusiwe kukushikia hata gurudumu. Msaada wa mtu wa nje ni kosa. Mshindani mwenzako, hata hivyo, anaweza kukupa tyubu au pampu.

Kuna kisa maarufu cha jambo hili. Oktoba 2008, mashindano ya dunia ya Ironman mjini Kona, Hawaii, bingwa mtetezi Chrissie Wellington wa Uingereza alipata pancha. Alibadilisha tyubu, kisha akapoteza gesi ya vichupa vyake vya kujazia upepo bila tairi kujaa. Akasimama kando ya barabara akiwatazama wapinzani wakimpita. Mmoja wao, Rebekah Keat wa Australia, akamrushia kichupa. Wellington akajaza, akapanda, akawapita wote na kushinda. Watu hukisimulia kama kisa cha ukarimu, na ni kweli. Mimi hukisimulia kwa ajili ya zile dakika za kabla ya Keat kufika: bingwa wa dunia, mwenye miguu bora kuliko wote barabarani, amezuiwa na kichupa kidogo cha gesi.

Kwa hiyo hivi ndivyo tunavyofanya Lubao, na tunafanya mpaka inachosha. Pancha: weka cheni kwenye gia ndogo ya nyuma kabla ya kushuka, ili gurudumu litoke na kurudi bila kung'ang'ania. Shuka upande wa nje wa barabara. Toa tyubu. Kidole. Zungusha kidole tairi zima, ndani, na ukikuta tundu kubwa ambalo tyubu itachungulia, kunja noti ya shilingi 50 au karatasi ngumu ya biskuti na uiweke hapo. Tia tyubu mpya upepo kidogo kwa mdomo kabla ya kuiingiza, isijikunje. Rudisha tairi kwa mikono, siyo kwa chuma, maana chuma hubana tyubu na kuitoboa. Kagua pande zote mbili kama kuna sehemu ya tyubu inayochomoza. Hapo sasa pampu. Mwanafunzi wangu mwepesi huchukua dakika sita, na anayejaribu kufanya kwa tatu huchukua kumi na tano.

Vichupa vya gesi ni vizuri kwa anayevijua, lakini hufunguka mara moja na hasira yako yote huingia hewani. Mimi hupenda pampu ndogo ya mkono. Ni nzito kidogo, na haiishi.

Kuna suala la vali ambalo limewaliza wengi. Baiskeli za mashindano zina vali nyembamba yenye kinati juu ambacho sharti kilegezwe kwanza. Pampu nyingi za mafundi wetu zimetengenezewa baiskeli kubwa nyeusi, ile Black Mamba iliyobeba abiria, maziwa na magunia ya mahindi mkoa mzima, na hazishiki vali hiyo. Tyubu zinazouzwa madukani petu nazo ni za tairi zile nene. Nunua kifuniko cha kubadilishia vali, ni cha bei ndogo, ukikaze kwenye tyubu ya akiba na kukisahau huko. Tyubu beba mbili. Moja ni ya pancha, nyingine ni ya kosa lako.

Cheni ikianguka, usisimame papo hapo. Acha kukanyaga kwa nguvu, hamishia gia ya mbele upande mwingine na uzungushe miguu kama unayekoroga uji. Mara nyingi itajirudisha. Ukikanyaga kwa nguvu itajibana kati ya gia na fremu, na hapo utashuka tu, uchafuke mikono.

Barabara yetu imetufundisha mengine pia. Matrekta ya miwa huangusha mabua na tope zito kwenye lami, na mvua ya Kakamega hupenda mchana, ghafla, wakati mwingine na mawe. Dakika za kwanza za mvua ndizo zenye utelezi mkubwa, kwa kuwa mafuta yaliyomwagika huelea kabla ya kuoshwa. Funga breki kabla ya kona, gurudumu likiwa wima. Nje ya mashindano na ndani yake, radi ikianza, toka majini. Mvua huharibu hata mipango ya wakubwa: Paris mwaka 2024, triathloni ya wanaume ya Olimpiki iliahirishwa kutoka tarehe 30 Julai hadi 31 kwa sababu mvua ilikuwa imechafua maji ya mto Seine. Wanariadha wale waliamka, wakaambiwa kesho. Hakuna mazoezi ya hilo isipokuwa kuwa na chakula cha siku ya ziada na kutomaliza roho yako kwenye malalamiko. Na mbwa, kwa kuwa ninaandika kutoka Lubao: akikukimbiza usimpige teke ukiwa juu ya baiskeli. Mkemee kwa sauti nzito, na akizidi, shuka uiweke baiskeli kati yenu. Hutaka mkimbiaji, na ukisimama mchezo wake umekwisha.

Tumbo. Hapa utamaduni wetu ni adui mpole. Mgeni au msafiri katika nyumba ya Kiluhya huchinjiwa kuku, na anayekwenda mashindanoni huagwa kwa kuku, ugali na mrenda, usiku, sahani ikijazwa mara ya pili bila kuulizwa. Kula, lakini iwe siku mbili kabla. Jioni ya mwisho chakula kiwe kile ulichozoea kula kabla ya mazoezi marefu, kiasi kilekile. Wakati wa shindano mwili unahitaji takriban gramu 60 za wanga au sukari kwa saa. Vifuko vya jeli kutoka ng'ambo ni ghali, na sisi tunaishi katikati ya miwa: sukari nguru ikikatwa vipande na kupimwa kwenye mizani ya duka inafanya kazi ile ile, mradi umeijaribu mazoezini na kuiteremsha kwa maji. Kichefuchefu kikianza, wengi hulazimisha kula zaidi wakidhani ni njaa. Tafuta mwiba: kwa kawaida ni kasi. Damu imekwenda miguuni na tumbo halina nguvu ya kufanya kazi. Punguza mwendo dakika kumi, piga mafunda madogo ya maji, ndipo ujaribu tena.

Kuhusu maji nawasihi mnisikilize, kwa sababu tumelelewa kuambiwa kunywa, kunywa, kunywa. Katika marathoni ya Boston mwaka 2002 watafiti walipima damu ya wakimbiaji 488 mwishoni. Asilimia 13 walikuwa na upungufu wa sodiamu, yaani chumvi ya damu imezimuliwa, na jambo lililohusiana nao zaidi ni kunywa kupita kiasi hadi kuongezeka uzito njiani. Dalili zake ni kichwa kuuma, kutapika, vidole kuvimba hadi pete inabana, kuchanganyikiwa. Mtu wa hivyo akionekana, jambo la haraka ni kumpa maji. Maji ndiyo yaliyomwangusha. Kunywa unapohisi kiu, na anayechanganyikiwa apelekwe kwa daktari wa shindano.

Misuli kukaza ni jambo jingine linalosingiziwa chumvi. Utafiti kuhusu washindani wa Ironman Afrika Kusini, uliochapishwa 2011, haukukuta tofauti ya upungufu wa maji au chumvi kati ya waliokazwa na misuli na wasiokazwa. Waliokazwa walikuwa wakienda kwa kasi kubwa, na wengi walikuwa wamewahi kukazwa siku zilizopita. Simama, unyooshe msuli taratibu mpaka uachie, kisha anza tena chini ya kasi ile. Chumvi ulambe ukipenda.

Hata mabingwa husahau. Paula Newby-Fraser, aliyezaliwa Zimbabwe, ameshinda Kona mara nane, kuliko mtu yeyote. Mwaka 1995 alikuwa akiongoza, mpinzani wake Karen Smyers akimfuata, naye Newby-Fraser akaanza kupita meza za maji bila kuchukua kitu ili asipoteze sekunde. Mstari wa mwisho ukiwa mita mia chache mbele, miguu ikakataa. Akakaa barabarani. Alikaa muda mrefu, akanywa, akajimwagia maji, akaondoka kwa miguu mitupu na kumaliza wa nne. Mwaka uliofuata alirudi akashinda. Napenda zile dakika alizokaa chini: ameshapoteza kila kitu alichokuwa akikikimbilia, na sasa tu ndiyo anashughulikia mwiba.

Joto linapomshika mtu kichwani, hali ni nyingine. Septemba 2016, Cozumel, Mexico, dunia ilimwona mwanatriathloni Jonathan Brownlee akiyumba kama mlevi akiwa anaongoza, kaka yake Alistair akamkamata mkono na kumsukuma hadi mwisho. Picha nzuri. Leo kanuni haziruhusu kumsogeza mwenzako mbele, na kiafya mtu anayeyumba na kuropoka kwa joto hahitaji kufikishwa mwisho. Anahitaji kivuli, wahudumu wa afya, na maji baridi mwili mzima kabla hata ya kupakiwa kwenye ambulansi.

Ukivuka mstari salama, usisimame ghafla. Miguu ilikuwa ikisaidia moyo kurudisha damu juu, na ikisimama damu hubaki chini, kichwa kinakuwa chepesi, unaanguka ukiwa na medali shingoni. Tembea. Ukihisi kuzimia lala chali, miguu juu ya kiti. Kisha tafuta saa yako. Aliyeanza Rubavu saa moja asubuhi na kutumia saa saba atamaliza saa nane mchana. Lubao ni saa tisa, mawingu yamejaa juu ya msitu, na fundi anakunja mwavuli.